Kila Kitu cha Kuchezea Kilitoka kwa Mtu

Sisi tuliokulia Ngamiani, Tanga, miaka ya 1980, tukikutana kwenye shughuli, iwe harusi au arobaini, hazipiti dakika nyingi kabla mtu hajataja magari ya waya. Hapo watu wazima wenye wajukuu wanaanza kubishana. Nani alikuwa na Scania yenye springi za bati, tiara ya nani ilikatika uzi ikaenda kuangukia Raskazone, mpira wa nani ulidumu msimu mzima bila kufumuka. Naingia katika ubishi huo kwa moyo wangu wote, maana ule ndio utoto wangu na bado naupenda. Ila kuna jambo naona tunalipita kila mara. Tunaisifu mikono yetu, tunasema watoto wa zamani walikuwa wabunifu na wa leo wamezoea vya kununua, halafu tunaishia hapo. Hatujiulizi waya ule tuliupata wapi.

Miaka ile waya haukuwa kitu cha kuokota njiani. Vita vya Kagera vilikuwa vimemalizika mwaka 1979 na nchi haikuwa na fedha za kigeni. Nakumbuka foleni za sabuni, foleni za sukari, mama akitoka alfajiri kwenda duka la kaya na kurudi na kilo moja. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na wakubwa wakaanza kunong'ona kuhusu watu waliofukia bidhaa uani usiku. Katika hali hiyo hakuna aliyefikiria kuagiza wanasesere kutoka ng'ambo. Na si vya dukani tu vilivyokosekana, hata vitu chakavu vilikuwa na wenyewe. Kopo tupu lilipimia mafuta ya taa. Tyubu iliyochoka ilikatwa vipande vya kufungia mizigo kwenye keria. Tairi la gari lilishonwa makatambuga. Ndala ikikatika kamba iliungwa kwa pini, ikikatika tena ikaungwa kwa waya, ikitoboka kisigino ikabaki ya kuendea bafuni. Katika foleni ya vitu chakavu, mtoto alikuwa wa mwisho kabisa.

Kwa hiyo mtoto aliyetaka kitu cha kuchezea ilimbidi kwanza awe na mtu.

Mtu wetu wa kwanza alikuwa fundi baiskeli. Tanga ni mji wa tambarare na watu wake ni wa baiskeli tangu zamani, na kila baada ya barabara chache zile za namba ulimkuta fundi chini ya mwarobaini na beseni lake la maji. Wetu tulimwita Babu, ingawa nikihesabu sasa naona alikuwa na umri mdogo kuliko nilio nao mimi leo. Kwake ndiko kulikokuwa na hazina yote: spoku, gololi za ndani ya ekseli, ringi zilizopinda zisizonyooshwa tena, na tyubu za Phoenix zilizokuwa na viraka juu ya viraka.

Hukuweza kufika ukaomba tu. Ulianza kwa kuchuchumaa pembeni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa mama muuza mihogo, barabara ya kumi na tano."

"Ahaa. Yule kaka yako mrefu. Haya, nenda kaninunulie chumvi, halafu mpitie bibi yako pale anipe maji ya kunywa."

Ulikwenda, ukarudi, ukachuchumaa tena. Ukimshikia pampu alikuonyesha jinsi ya kuzungusha tyubu ndani ya beseni mpaka uone mapovu yanapotokea. Alikufundisha kusugua kwa msasa, kupaka soliusheni, na kuiacha ikauke kidogo kabla ya kubandika kiraka, kwa sababu ukibandika ingali mbichi kiraka kitateleza. Nilijua kuziba pancha kabla sijajua kuendesha baiskeli. Na baada ya hayo yote, labda leo, labda kesho kutwa, alikata utepe wa tyubu akakupa bila kusema neno.

Sisi wasichana tulitaka mpira mrefu wa kuruka. Wavulana walitaka wa manati, na hapo Babu alikuwa mkali. Alimtazama mtoto machoni akamwambia, "Ukivunja kioo cha watu, atakayeulizwa ni mimi." Ilikuwa kweli. Mwenye kioo aliijua manati kwa rangi ya mpira wake, akaenda moja kwa moja mpaka chini ya mwarobaini. Kuna wavulana waliokaa miezi bila manati kwa sababu Babu hakuwaamini, na hakuna mzazi aliyekwenda kumlalamikia.

Nimelifikiria jambo hili sana ukubwani. Kile kitu mkononi mwa mtoto kilikuwa na mdhamini.

Mtu wetu wa pili alikuwa mama mshonaji, barazani kwake na cherehani ya kukanyaga. Yeye ndiye aliyekuwa na vipande vya kitambaa, na siku zile kipande cha kitambaa kilikuwa na kazi nyingi za maana kabla ya kufikiriwa kwa mwanasesere. Alivigawa kwa haki yake mwenyewe. Aliyemwokotea pini sakafuni kwa sumaku alipata. Aliyekuja mikono mitupu akasimama mlangoni akitazama, alipewa uzi na sindano akaambiwa akae. Wanasesere wetu walikuwa na mwili wa matambara yaliyoviringishwa, kichwa cha sufi iliyookotwa chini ya msufi, na nywele za singa za mkonge. Mkonge Tanga ulikuwa kila mahali. Singa zilidondoka kutoka kwenye malori, na bibi yangu alizichemsha na majani makavu ya chai zikatoka na rangi ya kahawia.

Mama mshonaji hakukubali mwanasesere avae kitambaa kisichokungwa. "Mwari wako atatoka hivyo, nyuzi zinaning'inia?" Basi tulikunga. Pindo langu la kwanza lilikuwa la khanga yenye upana wa kiganja, na alilifumua akaniambia nirudie. Siku ya harusi ya wanasesere tulipika ubwabwa wa mchanga kwenye vifuu vya nazi, na wavulana walikuja na magari yao ya waya kumchukua bibi harusi. Msafara ulikwenda polepole, kwa sababu gari la mbele likikwama kwenye mchanga wote walisimama.

Magari sasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa maana gari la waya lilikuwa elimu nzima.

Waya mnene wa kujengea chasisi ulitoka kwa mjomba aliyefanya kazi ya ujenzi, na ule mwembamba wa kufungia nondo ndio uliofunga maungio. Waya ulikuja umepindapinda. Uliuzungusha kwenye nguzo ya umeme ukauvuta huku na huku mpaka unyooke, kisha ukaulaza sakafuni ukausukuma kwa tofali. Vipimo vilikuwa shubiri na vidole. Kaka yangu alianza na chasisi siku zote, kisha ekseli, halafu ndipo kichwa na bodi, na alimcheka kila aliyeanza na kichwa kwa sababu ya uzuri, maana alijua gari hilo litaegemea upande mmoja. Springi zilitoka kwenye ule mkanda mwembamba wa bati unaofungia makasha. Ulikatwa vipande vinne, kila kimoja kifupi kuliko kilichotangulia, vikafungwa pamoja katikati. Gari lenye springi hizo likipita kwenye mawe lilidunda na kutulia sawasawa na Scania zinazotoka bandarini. Usukani ulikuwa waya mrefu uliopanda mpaka kifuani, ili dereva atembee wima huku akikata kona.

Tatizo lilikuwa matairi. Matairi yalikatwa kwenye ndala, na kisigino ndicho kinachofaa kwa kuwa ni kinene. Gari dogo linahitaji magurudumu manne, lori linataka sita au kumi. Nyumba nzima ilijua ni ndala ya nani inakaribia kufa. Sisi tulikuwa tukimtazama bibi miguuni kila jioni, naye alijua, na alipoamua kuwa imetosha alizileta zote mbili akazikabidhi kwa kaka kwa mkono wa kulia. Duara lilichorwa kwa shilingi ya sarafu, likakatwa kwa wembe, likatobolewa katikati kwa msumari uliopashwa moto. Harufu ya ile raba ikiungua nikiinusa leo mahali popote najua niko wapi.

Mtoto mmoja wa barabara ya jirani alipelekwa Dar es Salaam kwa ndugu zake likizo ya Desemba. Aliporudi alitusimulia kuhusu mabasi ya UDA, shirika la usafiri la jiji hilo, yale ya Ikarus kutoka Hungaria, marefu, yenye kiungo katikati, ambayo watu waliyaita kumbakumba. Hatukuwa tumeliona. Picha hatukuwa nayo, na televisheni Bara haikuwapo mpaka mwaka 1994. Tulilijenga kwa kusimuliwa. Alisimama juu yetu akisema hapana, kiungo kilikuwa chini zaidi, hapana, milango ilikuwa mingi zaidi, na wavulana walikunja na kukunjua waya mchana kutwa. Kile kitambaa cha mikunjo cha katikati walikitengeneza kwa tyubu ya baiskeli, iliyotoka mnajua kwa nani. Miaka mingi baadaye niliiona picha ya Ikarus na nikashangaa jinsi walivyokaribia.

Vitu vingine vilikuwa na msimu wake, na msimu uliletwa na hewa au shamba. Kusi ikianza kuvuma tulitengeneza tiara kwa njiti za chelewa na ukurasa wa gazeti la Uhuru, gundi ikiwa uji mzito wa muhogo. Gazeti lilitoka kwa balozi wa nyumba kumi, naye hakulitoa mpaka umemsomea habari ya ukurasa wa mbele kwa sauti, kwa kuwa miwani yake ilikuwa imevunjika na mingine haikupatikana. Uzi mzuri ulikuwa mshipi kutoka kwa wavuvi wa Sahare. Mahindi yakivunwa tulikuwa na wanasesere wa magunzi. Machungwa ya Muheza yakijaa mjini, yale madogo yaliyoanguka mabichi yalikuwa mipira. Makuti yalitupa saa za mkononi, miwani na feni za kukimbizia upepo, ambazo zilidumu mpaka jioni tu, na kesho yake tulitengeneza nyingine. Komwe tuliziokota ufukweni kwa ajili ya mdako, na wazee wa bao walizinunua kwetu kwa karanga, kwa sababu bao linataka kete 64 na kila mara kuna zilizopotea. Komwe ukiisugua kwenye sakafu inapata moto wa kuunguza ngozi. Kila mtoto wa pwani anajua hilo kwa sababu kuna mwenzake aliyembandika shingoni.

Mpira wa miguu ulikuwa wa matambara ndani, soksi juu, na kamba ya katani nje ikifumwa kama wavu. Mpira wa rede ulikuwa mdogo na laini zaidi, maana huo unarushwa kumpiga mtu. Mnasimama wawili pande mbili, wa katikati anakwepa huku akijaza chupa mchanga, na akimaliza kuijaza anaimwaga na kuhesabu. Mwaka 1988 timu yetu ya Coastal Union ilipochukua ubingwa wa Bara mji ulilala saa nane, na asubuhi yake hakuna soksi ya baba wa mtu iliyokuwa salama kambani.

Wapo wanaodhani nasimulia haya ili kuvilaumu vya plastiki. Silaumu. Nitawaambia kuhusu mwanasesere wa Muscat.

Jirani zetu walikuwa na ndugu Omani, kama familia nyingi za pwani ambazo watu wao walihamia huko baada ya mwaka 1964 na wengine baada ya 1970. Mama mdogo wa huko alimletea binti wa jirani mwanasesere anayefumba macho ukimlaza. Alikaa kwenye kabati la vioo sebuleni, ndani ya nailoni yake, na sisi tulikwenda kumtazama kwa kupokezana. Mwenyewe hakuruhusiwa kumgusa. Alicheza nasi uani na mwanasesere wa matambara aliyeshonewa na mama mshonaji kama sisi wote. Utotoni niliona mama yake ni mkatili. Ukubwani nilielewa kwamba yule dada yake wa Muscat hakuonana naye tena kwa miaka mingi, na barua zilichelewa, na kile kilichokuwa kabatini ndicho alichokuwa nacho cha dada yake. Yule mwanasesere naye alitoka kwa mtu. Ila mtu huyo alikuwa mbali, hukuweza kumwendea na mkono uliong'oka ukasema shikamoo mama mdogo, nirudishie.

Kuanzia mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao nje kuleta bidhaa, na zaidi baada ya Mzee Mwinyi kuingia madarakani Novemba 1985, Idd zilibadilika. Uwanja wa Tangamano ulijaa mapulizo, firimbi, saa zisizotembea, bastola za maji, miwani ya rangi. Mkono wa Idd uliokuwa ukiishia kwenye ubuyu na aiskrimu za vijiti sasa ulikuwa na mambo mengi ya kuchagua. Tulifurahi mno, na sitakubali mtu aniambie furaha ile ilikuwa ya uongo. Nilinunua saa ya waridi nikaivaa mpaka ngozi ikabadilika rangi. Ilipovunjika nilimpelekea Babu wa baiskeli. Aliigeuza, akaitazama nyuma, akasema, "Hii mjukuu wangu haina mahali pa kuanzia." Hakuna skrubu, hakuna pini. Nadhani siku ile alihuzunika kuliko mimi.

Ukivitazama vile vya zamani utaona kila kimoja kiliondoka na malighafi yake. Tyubu za magari zimepungua, matairi mengi hayana tyubu siku hizi. Magazeti watu wanasoma kwenye simu. Mifuko ya rambo, iliyokuja ikashika nafasi ya soksi kwenye mipira ya watoto wa miaka ya 1990, imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na ni sawa, mitaro yetu inapumua. Watoto hawakupoteza ubunifu. Kilichobadilika ni takataka za mji na njia ya kuzifikia.

Sasa naishi Dar es Salaam na wapwa wangu, mvulana na msichana, na nyumba yetu iko karibu na kijiwe cha bodaboda. Walipotaka kujua hayo magari ya waya yalikuwaje, swali lao la kwanza lilikuwa vifaa vinauzwa duka gani. Nikawaambia waende kwa fundi pikipiki pale kona, maana pikipiki bado zina tyubu, na wasiombe chochote siku ya kwanza. Wasalimie, wakae. Walirudi wakiwa wamenuna kidogo. Fundi aliwauliza, "Nyie wa nani?" Tumekaa mtaa ule miaka, wanapita mbele yake kila siku kwenda shule, na hakuwajua, wala wao hawakujua hata jina la kumwitia.

Hilo ndilo lililonigusa. Sikuwa nimelifikiria kama pengo mpaka nilipolisikia kutoka kwa watoto. Vitu vyao vyote vinatoka kwangu au kwa baba yao, vinatoka dukani vikiwa kwenye boksi, na katika mtaa mzima wenye mafundi wa kila aina hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kuwajua.

Wamekwenda tena mara kadhaa tangu hapo. Wanamwita Baba Fundi. Mvulana ametengeneza bajaji ya waya ambayo gurudumu la mbele linakata kona vizuri, na matairi yake ni ndala zangu, nilizozitoa mapema kuliko ambavyo bibi angetoa. Msichana anajenga basi la mwendokasi lenye kiungo katikati, na amekataa msaada wangu kwa kuwa anasema mimi ninalielezea kama kumbakumba na yeye amelipanda la kweli. Mama muuza chapati wa jirani naye amejitokeza: ana waya wa uzio uliobaki, anawauliza kila asubuhi kama wamesoma.

Juzi fundi alinisimamisha nikitoka dukani. Aliniambia yule mdogo amekuja kuomba tyubu ya pili, naye amemkatalia mpaka arudishe koleo aliloazima wiki iliyopita. Alikuwa na wasiwasi kama nitakasirika. Nilimshukuru, nikamwambia asimpe hata kama atalia, na kama akionekana barabarani na manati, anijulishe.